Mpumbu Alikwenda Wapi?

Mazungumzo na wavuvi, wachuuzi na wakulima wa Luapula na ziwa Moero

Sikuja kuwaletea amri. Nimekuja kusema nanyi habari ya kazi yenu, maana kazi yenu imelisha miji mikubwa muda wa miaka mia hivi. Mvuvi akivua vibaya, mtu wa Lubumbashi atakosa kitoweo. Walakini wa kwanza kulala na njaa si mtu wa Lubumbashi. Ni mtoto wa mvuvi. Shikeni neno hili, maana tutarudia kwalo.

Nina swali moja. Mpumbu alikwenda wapi? Wazee wenu walimjua vizuri. Leo vijana wengi husikia jina lake tu. Ukimpata mmoja wavuni unawaita wenzio waje kumtazama. Lakini miaka ya 1930 na ya 1940 yeye ndiye aliyekuwa mali ya mto huu. Tukijua sababu ya kupotea kwake, tutajua pia ginsi ya kutunza samaki waliobaki.

I. Tabia ya mpumbu

Mpumbu ni samaki mkubwa mwenye nyama nzuri. Wakati wa kiangazi alikaa ziwani Moero. Mvua za kwanza zikianza na maji kuongezeka, aliacha ziwa akaingia Luapula, akapanda mto kwa makundi makubwa kuelekea maporomoko ya Mambilima. Majike yalikuwa yamejaa mayai. Waliyataga katika maji mapya yaliyofurika penye majani na vinamasi, kisha wakayaacha. Mpumbu halindi mayai yake. Nguvu yake ni wingi tu: jike moja hutoa mayai maelfu na maelfu, mengi huliwa na wanyama wengine, machache hupona na kuwa samaki.

Basi mwaone: kila mwaka samaki hawa wote walipita mahali pamoja, wakati mmoja, njia moja. Kwa mvuvi hiyo ni bahati kubwa, tena ni jaribu kubwa. Ukisimama mlangoni mwa mto na nyavu zako wakati huo, huna haja ya kuwatafuta. Wao wenyewe wanakuja.

Zamani watu walivua mpumbu vilevile wakati wa kupanda. Lakini nyavu zilisukwa kwa nyuzi za miti, zilikuwa fupi, zilioza upesi. Tena kati ya Washila, watu wa maji, koo zenye mito na vinamasi zilikuwa na neno katika habari ya kuvua. Wala hapakuwa na mnunuzi wa kumaliza samaki wote. Mtu alivua kwa kula, kwa kukausha, na kwa kubadilisha na unga. Samaki wa kuzidi angempeleka wapi?

II. Mji wa shaba ulitaka chakula

Mwaka 1906 kampani ya Union Minière ilianzishwa. Mwaka 1910 mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianza kujengwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa pale. Watu maelfu walikuja kuchimba na kuyeyusha. Hawakuwa na shamba wala mto. Kampani iliwapa posho: unga, maharagwe, nyama, samaki.

Mwanzoni wafanyakazi walikaa miezi michache wakarudi kwao. Karibu na mwaka 1928 kampani ilibadili shauri lake: ikataka wakae miaka mingi kambini pamoja na wake na watoto. Basi vinywa viliongezeka, na chakula kikatakiwa kila juma, mvua au jua.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Posho ikiwa rahisi, mshahara nao unaweza kubaki mdogo. Kwa hiyo wenye kampani na wakubwa wa Serikali ya Wabelgiji walipenda samaki wa Luapula wawe wengi na bei yao iwe ndogo. Mvuvi aliyeuza rahisi alisaidia kampani kulipa kidogo, wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Wakati wa vita vya 1940 mpaka 1945 shaba ilitakiwa sana na Ulaya. Bei za vitu zilipanda, mishahara haikuzifuata. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma, na kule Elisabethville askari waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Habari ya chakula si habari ndogo. Bei ya samaki, mshahara wa mchimba shaba na uhai wa mto vimefungwa kwa kamba moja.

III. Barafu, kamio na deni

Kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 200. Samaki mbichi hafiki mbali namna hiyo pasipo barafu. Tangu miaka ya 1920 wachuuzi Wagriki walikuja kukaa Kasenga. Walileta mashua za moto, mashine za barafu, na kamio. Mashua zilishuka mpaka ziwani kukusanya samaki, hata ng'ambo ya Waingereza, inchi ambayo leo ni Zambia. Mvuvi wa ng'ambo naye aliuza Kasenga, maana soko lilikuwa huku.

Tusiseme kwamba jambo hilo lilikuwa baya tu. Feza iliingia vijijini. Watu walinunua nguo, baiskeli, mabati. Mvuvi hodari aliweza kuoa na kujenga pasipo kwenda kuchimba shaba. Watu wengi walipenda maisha hayo kuliko kambi.

Lakini angalieni nani alishika nini. Mvuvi alishika mtumbwi na mikono yake. Tajiri alishika nyavu, barafu, kamio na soko. Mwenye barafu ndiye anayeweka bei, kwa kuwa samaki asiyeuzwa leo ataoza kesho.

Nitawapa mfano. Ni mfano tu, mkahesabu kwa vidole. Mvuvi amekopa nyavu kwa tajiri. Amevua samaki 10. Bei ya samaki 5 inakwenda kulipa deni. Bei ya samaki 3 inakwenda kwa chumvi na kwa wenziwe mtumbwini. Zimebaki feza za samaki 2 kwa nyumba yake. Sasa samaki wamekuwa wengi, tajiri anashusha bei nusu. Je, deni nalo litashuka nusu? Hapana. Deni ni lilelile. Sasa samaki wote 10 wanakwenda kwa deni, na nyumbani haibaki kitu. Atafanya nini? Atavua 20. Na jirani yake atavua 20. Samaki watazidi sokoni, bei itashuka tena.

Mmeona? Mvuvi hakuongeza nyavu kwa tamaa tu. Deni lilimsukuma. Mtu akisema wavuvi ni wajinga, hawajui kutunza mali yao, mwulizeni kwanza: deni lao ni la nani?

IV. Ginsi mpumbu alivyopotea

Nyavu zikaongezeka mwaka kwa mwaka. Zikatandwa mtoni hasa wakati ule mpumbu anapopanda na mayai, maana ndipo kazi ilipokuwa rahisi na faida kubwa. Kila jike lililonaswa mlangoni mwa mto lilikufa pamoja na watoto wake wote ambao hawajazaliwa.

Mara ya kwanza hakuna aliyeona dalili. Samaki wakubwa wa miaka ya nyuma walikuwa wangali ziwani, wakaendelea kupanda. Mtu akisema samaki watapungua, wenzake walimcheka, maana mitumbwi ilijaa. Lakini wadogo wa kushika nafasi zao hawakuzaliwa. Kisha, kwa miaka michache tu, makundi yakawa madogo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 uvuvi mkubwa wa mpumbu ulikuwa umekwisha. Tangu siku hizo hakurudi kuwa kama zamani.

Na nani alipata hasara? Mwenye kamio aligeukia samaki wengine. Kampani ilitafuta kitoweo mahali pengine. Mvuvi hakuwa na mto mwingine.

V. Sheria ilimshika nani?

Mtaniuliza: je, hapakuwa na sheria? Zilikuwako. Kuna amri ya 12 Julai 1932 juu ya ruhusa za kuvua, na amri ya 21 Aprili 1937 juu ya kuwinda na kuvua. Karatasi hazikukosekana. Yaliyokosekana ni mambo matatu.

La kwanza: Serikali ilikuwa na mikono miwili. Mmoja uliandika sheria ya kutunza samaki, mwingine ulitaka posho rahisi kwa miji. Mikono hiyo ikipingana, mkono wa posho ulishinda.

La pili: mto ni mpaka. Upande mmoja Wabelgiji, upande wa pili Waingereza. Kila mmoja aliona kwamba akifunga uvuvi kwake, samaki watavuliwa ng'ambo. Lakini mpumbu hakujua mpaka.

La tatu: sheria ilimtazama mvuvi, haikumtazama mnunuzi. Askari alikamata wavu wa maskini. Kamio lililojaa majike yenye mayai lilipita njiani mchana. Lakini kama hakuna anayenunua mpumbu mwenye mayai, nani atajisumbua kumvua?

VI. Samaki wawili waliobaki, tabia mbili

Baada ya mpumbu, watu waligeukia makobo, ambao wavuvi wa Zambia huwaita pale. Miaka ya 1950 zilikuja nyavu za nailoni. Haziozi upesi, samaki hazioni vizuri majini, zinashika kuliko nyavu za zamani. Baadaye, tangu miaka ya 1970 na 1980, watu wengi wakashika uvuvi wa chisense, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa.

Mtu akitaka kutunza ng'ombe na kuku, hawatunzi namna moja. Samaki nao ni vivyo hivyo.

Makobo hataga mayai maelfu na maelfu kama mpumbu. Hutaga machache, lakini huyalinda. Dume huchimba kiota chini penye maji mafupi karibu na ukingo. Jike hutaga humo, kisha hukusanya mayai kinywani mwake na kuyaatamia. Watoto wakitoka hukaa karibu na mama, na hatari ikija hurudi kinywani. Basi fikirini mtu anapokokota wavu mrefu pwani, penye maji mafupi. Anavunja viota, anakamata mama pamoja na watoto kinywani, na wale wadogo wengine anawachota wote. Chandarua cha mbu kikitumiwa kuvulia ni kibaya zaidi, kwa kuwa hakiachi hata mtoto wa samaki mwenye ukubwa wa ukucha. Tena kimeondolewa kitandani, na mbu anapata nafasi yake. Nyumba imepoteza mara mbili.

Chisense ni kinyume. Maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja tu, na huzaa upesi. Ukimvua katikati ya ziwa kwa kiasi, anajaza tena mahali pake. Lakini wavu wa chisense ukivutwa karibu na pwani, haushiki chisense peke yake. Unachukua watoto wa makobo pia. Kwa hiyo sheria ya chisense ni fupi: vua mbali na pwani.

VII. Kazi ya wanawake

Samaki wakubwa walikuwa kazi ya wanaume na ya wenye mashua. Chisense alifungua mlango kwa wanawake. Mwanamke hununua samaki alfajiri, huwaanika mchangani, na jua likiwa zuri wamekauka jioni. Hahitaji mashine ya barafu. Anaweza kuuza kwa kopo sokoni, hata Lubumbashi na miji ya shaba ya Zambia. Wajane wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Maskini wa mjini naye hawezi kununua makobo nzima, lakini kopo moja la chisense anaweza.

Ndiyo maana nawaomba wakubwa wasiidharau kazi hii kwa sababu samaki ni wadogo. Wasaidieni wanawake kwa meza za kukaushia zilizoinuliwa juu. Samaki aliyeanikwa mchangani hushika mchanga, na mvua ikinyesha ghafula mali yote inaoza. Mezani hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, huuzwa kwa bei nzuri.

Na neno jingine, tulitaje pasipo kuzunguka. Katika pwani za maziwa mengi ya Afrika kuna wavuvi wasiotaka kumwuzia mwanamke samaki mpaka awape mwili wake. Hiyo si biashara. Ni njia ya aibu, tena ni njia ya ugonjwa wa ukimwi. Wazee wa pwani, mnawajua wanaofanya hivyo. Wakemeeni mbele ya watu.

VIII. Shamba ni ndugu wa mtumbwi

Mtashangaa mtu wa kilimo kuzungumza habari ya samaki saa nzima. Sasa sikilizeni sababu.

Samaki wanahitaji kupumzika wakati wa mvua. Kwa sheria ya Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Ni wakati unaofaa samaki. Walakini miezi hiyohiyo ndiyo miezi ya njaa vijijini. Ghala ni tupu, mahindi yangali machanga. Ukimwambia mtu mwenye njaa asivue, atangoja usiku uingie, atavua. Hakuna askari wa kutosha kulinda ziwa zima. Kufunga uvuvi pasipo shamba ni neno la mdomoni tu.

Enzi ya Wabelgiji watu walilazimishwa kulima. Amri ya 5 Desemba 1933 iliwapa watu wa vijijini siku 60 za kazi kila mwaka, na mwaka 1942 ziliongezwa zikawa 120. Watu walichukia shamba la lazima, na walikuwa na haki kulichukia, maana mazao mengi yalikuwa kwa faida ya wengine. Mimi siwaambii habari ya shamba la namna hiyo. Nawaambia habari ya shamba lako, la chungu chako.

Mhogo hungoja ardhini mpaka utakapoutaka. Mvuvi mwenye shamba la mhogo lililokomaa mwezi wa Desemba hamwogopi tajiri, wala hamwogopi askari. Pandeni vijiti vilivyotoka kwenye miti safi. Mti ambao majani yake yamekunjamana na kuwa na mabaka ya manjano una ugonjwa, msikate vijiti vyake. Mhogo mchungu ulowekwe siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa. Msifupishe siku hizo. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika habari ya watu wa Kwango waliolemaa miguu ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo. Baadaye waganga walijua kwamba huwapata watu wanaokula mhogo mchungu usiolowekwa vema, nao hawana nyama wala samaki wa kutosha. Basi mvuvi anayeuza samaki wote na kuwalisha watoto ugali mtupu anauza pia miguu yao. Samaki wa watoto atolewe kwanza, kabla ya kuhesabu wa soko.

IX. Mambo ya kufanya

Sasa nafupisha, mpate kukumbuka.

1. Wakati wa mvua za kwanza, milango ya mito iachwe wazi. Mtu asitande wavu mahali samaki wanapopanda kutaga.

2. Wavu wa kukokota pwani na chandarua cha kuvulia viachwe kabisa.

3. Macho ya wavu yasipunguzwe. Samaki wakiwa wadogo, watu wengi hununua wavu wenye macho madogo zaidi. Huko ni kula mbegu.

4. Wavuvi wa kijiji kimoja waweke feza pamoja, kama likelemba, wanunue nyavu wenyewe. Mtu asiye na deni anaweza kukataa bei mbaya.

5. Wachuuzi, msinunue samaki wachanga wala majike yenye mayai wakati uliofungwa. Na Serikali iwakague wenye kamio kwanza, ndipo imkague mwenye mtumbwi.

6. Wazee wa pande mbili za mto wakutane, wafunge uvuvi siku moja na kuufungua siku moja.

7. Kila nyumba ya mvuvi iwe na shamba la mhogo na la maharagwe.

Na kwa wakubwa wa Serikali nina neno moja. Leo masokoni Lubumbashi watu wengi hununua samaki wa barafu aliyevuliwa bahari ya Namibia. Ametoka mbali sana, lakini amefika, maana ana barafu na njia. Samaki wa Moero yu karibu, lakini njia mbaya na ushuru wa kila kizuizi vinamla kabla mlaji hajamla. Mvuvi akipata bei nzuri kwa samaki wachache, hatalazimika kuvua wengi. Njia nzuri na ushuru mmoja ulio wazi vitalinda ziwa kuliko amri kumi.

Mpumbu hakumalizwa na mtu mmoja. Mvuvi alitanda wavu, tajiri alitoa deni, kampani ilitaka posho rahisi, Serikali ilifumba macho. Kila mmoja alisema kosa ni la mwenziwe. Basi kumtunza makobo nako si kazi ya mtu mmoja. Mwezi wa Desemba ukija na maji kuanza kuongezeka, kila mtu hapa atajua zamu yake ni ipi.

Nimekwisha. Mwenye swali aulize.